Ubani Uliotangulia

Mambo yote kwa jumla yalinigharimu shilingi laki nane, elfu kumi na tatu na mia tano. Nimehesabu mara mbili. Ndani yake mna bei ya ngalawa, kamba na pondo la kusukumia, nauli ya kwenda Mkokotoni na sahani ya wali niliyokula huko, simu iliyokufa kwa maji ya chumvi, na mwisho kabisa elfu sitini na nne za sukari, majani ya chai, mikate na gesi, vilivyotumika nyumbani kwangu Chukwani kuwakirimu watu waliokuja kukaa msibani.

Msiba ulikuwa wangu.

Kazi yangu ni kununua na kuuza vitu vilivyokwishatumika. Nina kiduka cha mlango mmoja Mji Mkongwe: feni, vitanda vya besera, milango ya zamani, saa za ukutani zisizokwenda. Mwaka ule msimamizi wa hoteli moja ya upande wetu wa Chukwani aliniambia anataka ngalawa kuukuu ya kuweka ukumbini, wageni wapangiwe matunda ndani yake asubuhi. "Isiwe mpya," alisema. "Iwe imeona bahari." Tukakubaliana laki nane, chombo kifike mlangoni kwake. Hapo tu nilianza kuona faida. Ngalawa kuukuu kaskazini hainunuliwi kwa zaidi ya laki tano na kidogo.

Niliipata Mkokotoni, kwa mtu wa Tumbatu aliyevuka kuja kuiuza. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini hivi, mpole, mwenye kofia safi kuliko yangu. Alitaka laki sita. Nikasema laki nne. Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa habari za mvua ya nchi nyingine.

"Laki sita," alisema, "na siku ya kuondoka nnakwenda na wewe mpaka kwenu. Sisi ndivyo tunavyofanya. Chombo kikibadili mwenyewe, mwenyewe wa zamani hukaa ndani safari ya kwanza. Anakuonesha tabia yake, anakupa maneno ya njia, kisha anapanda gari anarudi."

"Huko kukaa kwako ndani ni kiasi gani?"

"Sikukutenga na bei ya chombo. Lakini ukitaka kukutenga, sema sitini."

"Basi kutenge. Nipe kwa laki tano na arobaini, njia naijua."

Nilitegemea abishane. Nilishajiandaa kupanda mpaka sabini, na nilikuwa na elfu thelathini nyingine mfuko wa nyuma kwa ajili ya kuzitoa kwa uchungu. Akasema, "Sawa." Akanyoosha mkono.

Nimenunua na kuuza kwa miaka ishirini na saba, na mtu ninayemwogopa sokoni si mkali wala mwongo. Ni yule asiyebishana. Ukimshusha bei naye akashuka kimya kimya, jua kuna kitu amekitoa kwenye mzigo. Nilikizunguka chombo mara mbili kukitafuta kitu hicho. Nikabonyeza mbao, nikavuta kamba. Sikuona upungufu wowote.

"Na maneno?" akaniuliza. "Ya mafungu ya mchanga, na maji?"

Pale pwani palikuwa na watu wanatengeneza nyavu, wanatusikiliza. Nikasema kwa sauti: "Bwana mkubwa, nimekuja kununua chombo. Maneno nnayo nyumbani, tena ya bure."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alizikunja noti, akazitia kifuani, kisha akasema: "Nipe namba ya mtu wa kwenu."

"Ya nini?"

"Ya kumpigia."

"Umpigie umwambie nini?"

"Itategemea," alisema.

Nikampa namba ya mke wangu, nikiisoma kwenye simu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikukodi gari ya mizigo. Niliulizia. Walitaka laki moja na ishirini, na hawakushuka hata mia. Bahari haina tozo, na kaskazi lilikuwa linavuma vizuri, linasukuma kusini. Wala sikuwa mgeni kabisa wa tanga. Misimu miwili nilitoka na jirani yangu kwa ngalawa yake, na usukani nilishika mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja kulikuwa na mtu mwingine ndani ya chombo. Hilo nililihesabu pia, lakini nililihesabu baadaye.

Jioni ya kabla ya kuondoka mke wangu aliniuliza jambo moja tu, huku anakunja nguo.

"Mnakwenda wangapi?"

"Wawili."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mwenyewe chombo."

Akaendelea kukunja. Kaka yake alitoka peke yake na kidau, kabla sisi hatujaoana, na ilichorudisha bahari ni kasha lake la chakula tu. Mke wangu alikaa kwenye mkeka siku tatu akiwa msichana, anapokea watu. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mazungumzo, na mimi nililijua hivyo wakati nalijibu.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu watu wanadhani sikupiga hesabu. Nilipiga. Hesabu ya maji alinifundisha baba, na kila mtu wa pwani hii anaijua: tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi wa Kiislamu, maji yanajaa saa kumi na yanakupwa saa nne. Kila siku inayofuata unaongeza dakika arobaini na nane, na siku iliyotangulia unapunguza kiasi hicho hicho. Ukiijua tarehe, umeyajua maji.

Tarehe niliichukua dukani, kwenye kalenda ya ukutani niliyopewa bure na muuza saruji wa jumla. Ina tarehe za Kizungu kwa rangi nyeusi na za Kiislamu pembeni, ndogo, za kijani. Ilikuwa Rajabu. Mwezi wa Ramadhani ukiandama watu wetu hugombana: huyu kauona, yule hakuuona, huyu kafuata waliouona nchi nyingine. Rajabu hagombani mtu. Kila mmoja hubaki na tarehe yake, na wote tunakaa kwa amani mpaka mwisho wa mwezi. Kalenda yangu ilikuwa imeanza Rajabu siku moja kabla ya wale waliouona mwezi kwa macho yao kule kaskazini. Mimi nilihesabu mara mbili, kama ada yangu. Mara zote mbili nilihesabu kwa kalenda ile ile.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Mkokotoni na kikapu changu: mkate, maji, kitambulisho na funguo za duka ndani ya mfuko wa nailoni, na kamba ya kuanikia nguo niliyoinunua kwa tahadhari. Mtu wa Tumbatu alikuwa ameshafika, amekaa juu ya gogo, anatazama. Nikafunga tanga mbele yake kwa madaha, na ili ajue kwamba hakuuza kwa mjinga nikasema: "Leo kumi na tano. Maji yanakupwa saa nne. Mimi saa mbili nshapita mafungu yote."

Akageuka kuyatazama maji. Akafumbua mdomo, nikadhani atasema kitu, na nikawa tayari kumjibu. Akaufunga.

"Umesema wewe," alisema.

Nilichukulia kwamba amekubali.

Saa ya kwanza ile nitaisema kwa haki, maana sijapata kitu kizuri kama kile bila kulipia. Upepo ulikuwa mgongoni, upande wa kushoto kidogo, na ngalawa ilijiendea yenyewe kama punda anayejua nyumbani. Kulia kisiwa cha Tumbatu, kushoto Unguja, minazi inapita mmoja mmoja. Nilijikuta nazungumza. Nilikiambia chombo: "Kumbe laki tano na arobaini tu?" Nikacheka peke yangu, na sauti ya kicheko changu ilinishangaza, kwa sababu haikupokewa na mtu.

Kuanzia hapo nikaanza kusikia mambo. Maji yanapiga ubao. Mlingoti unalia. Nikitoka na jirani sauti hizo zilikuwa zinasikiwa na watu wawili; sasa zilikuwa zinaniambia mimi tu. Nilipotaka kuteka maji yaliyoingia chini, mkono wa usukani haukuwa na wa kuupokea. Nikauacha kidogo, chombo kikageuka, tanga likapiga kelele, nikarudi mbio. Nilijaribu mara tatu. Baadaye nikaamua kuyaacha maji yakae, nikiyapimia kwa kifundo cha mguu.

Kusini ya Tumbatu kuna fungu refu la mchanga. Ukilizunguka kwa nje unapoteza saa nzima, na unatoka kwenye kivuli cha nchi kuingia mkondoni. Ukilikata kwa ndani, maji yakiwepo, unapita. Nikaangalia saa: mbili na robo. Kwa hesabu yangu maji yalibakisha karibu saa mbili kukupwa. Nikakata ndani.

Kwanza rangi ilibadilika. Kisha nikaanza kuona chini, na kila kilichokuwa chini kilikuwa wazi mno: nyasi zimelala upande mmoja, kombe, kivuli cha chombo changu kinakuja kukutana nacho. Niliposikia mchanga, ilikuwa kama mtu anayeburura jamvi sakafuni, polepole, bila haraka yoyote. Ngalawa ikasimama.

Niliruka nikasukuma. Maji yalikuwa ya magoti. Nikashusha kikapu na kila kizito juu ya mchanga uliokwishatoka nje, nikasukuma tena, nikaweka bega. Maji yakawa ya nusu muundi. Nilikuwa nashindana na kitu kisichonitazama. Nilitoa simu nimpigie mtu yeyote, na simu ilitoa maji kabla ya kutoa mwanga.

Halafu bahari ikaondoka. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajasimama katikati yake. Ulikuwa mchana mweupe, nchi kavu inaonekana, minazi naihesabu, na mimi nimesimama juu ya ardhi ambayo haikuwapo asubuhi na haitakuwapo alasiri. Kila kitu kilikuwa kinatiririka kuniacha. Ngalawa ikainamia upande wa kulia taratibu, uzito wote ukalalia mrengu mmoja, yaani ule mti unaopita juu ya chombo kushika ubao wa ubavuni. Nilikimbia kuutia gogo chini. Sikuwa na gogo. Nikatia bega, na mrengu ukapasuka sikioni kwangu.

Hapo ndipo nilipofahamu kilichotolewa kwenye mzigo. Chombo kilikuwa kizima. Kilichotolewa ni mtu wa pili, wa kuinua upande wa pili.

Maji yaliporudi hayakuja kwa njia yaliyoondokea. Nilikuwa nimegeukia baharini kuyangoja, nikiufunga mrengu kwa ile kamba ya nguo, na yalikuja nyuma yangu, upande wa nchi, kwa mfereji ambao sikuuona. Nilipogeuka, kikapu hakikuwapo. Nilikiona mbali, kinaelea vizuri kabisa, kimesimama wima, kinakwenda zake na kitambulisho changu kama abiria aliyelipa.

Niliondoka pale karibu saa sita. Mrengu wa kulia haukuweza kubeba tanga zima, nikapandisha nusu. Na kaskazi katika pwani ile ya magharibi lina jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu: halikuleti nchi kavu. Linakutoa. Mbele yako ni mkondo mpana, na ng'ambo yake ni Bara. Nilishusha tanga nikashika kafi. Nikapiga kafi mia mbili, nikautazama mnazi mmoja uliopinda niliouwekea alama. Mnazi ulikuwa mdogo kuliko mwanzo. Nikapiga mia mbili nyingine. Umezidi kuwa mdogo. Nikaacha kuutazama, nikapiga mia tano kwa macho kufumba nusu, nahesabu kwa sauti, na nilipofika mia tatu na kitu nilisikia nimechanganya. Sikujua nimetoka tatu na arobaini au tatu na hamsini. Ni jambo dogo. Lakini ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu tangu utoto sijawahi kupotelewa na hesabu.

Nilichanganya tanga na kafi, nikakaa ukingoni upande wa kushoto ili uzito usilalie mrengu ulio mbovu, mguu mmoja nje kama mpanda baiskeli. Maji yalikuwa nusu ya muundi ndani ya chombo. Alasiri mkondo ukabadilika, nami sikuwa na hisa katika kubadilika huko. Uliniongoza pwani, ukaniacha kifukweni karibu na Mangapwani, jua limekaribia kuzama.

Palikuwa na mtu anafunga kuni kwenye baiskeli.

"Salama wewe?"

"Salama."

"Huo mrengu?"

"Umechoka."

"Barabara hiyo hapo juu," alisema. "Gari za mjini bado zipo. Chombo kiache, nitakutazamia. Kama unataka kupiga simu, hii."

Akaninyooshea simu yake. Niliishika. Mimi najua kwa kichwa bei ya kila kitanda kilichopita dukani kwangu tangu nifungue mlango, na namba ya mke wangu siijui. Nilikuwa nagusa tu jina lake na inaita. Nikamrudishia.

Lakini gari zilikuwapo, na hapo sina pa kujifichia. Kwa saa moja na nusu ningekuwa nyumbani. Nilipiga hesabu nyingine, mbaya kuliko ya maji. Nikirudi usiku ule bila chombo, nimelowa, peke yangu, mke wangu ataniuliza yule mwenzangu yuko wapi. Nikifika kesho na chombo mkononi, nitasema mwenyewe chombo ameshuka Mangapwani akarudi kwao. Uongo ulikuwa unahitaji ngalawa. Nikamwambia yule mtu, "Nalala hapa hapa, bwana. Nyumbani wameshajua."

Usiku huo siuandiki.

Alfajiri nilitoka, nimebana pwani kwa karibu mno hata pondo lilikuwa linafika chini. Mrengu ulilia njia nzima. Mbele ya bandari boti ya abiria ilipita, na mawimbi yake yalinifikia imeshakuwa ndogo, matatu, nikayahesabu, na la tatu liliunyanyua upande wa kulia, na kamba moja ya nguo ikakatika. Nilishika mti kwa mkono na usukani kwa goti. Mji wote ulikuwa pale, umekaa juu ya maji na madirisha yake, watu wanakunywa kahawa. Nikiwa katika hali hiyo, mashua ndogo ya mashine ilinisogelea. Wavuvi wawili. Mmoja alinikazia macho.

"Wewe si yule wa vitanda? Mwenye kiduka?"

"Ndiye."

"Mbona jana wamesema..."

"Wamesema nini?"

Akamtazama mwenziwe. Mwenziwe akainama, akawasha mashine. Wakaenda bila kuaga, na yule wa mbele aligeuka kunitazama mara mbili, kama anayetaka kuhakikisha nimebaki pale pale.

Chukwani nilifika kama saa sita mchana. Nikakivuta chombo mpaka penye mchanga mkavu, nikapanda njia ya nyumbani. Mlangoni kulikuwa na viatu. Nilivihesabu kwa mazoea: jozi thelathini na moja. Mkeka mkubwa wa jirani ulikuwa umetandikwa barazani kwangu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mtu anasoma, na chupa za chai zilikuwa zimepangwa ukutani.

Kikapu changu kilikuwa kimeokotwa na wavuvi wa Bumbwini alasiri ya jana. Kitambulisho kikapelekwa kwa sheha, sheha akapiga simu, habari ikafika kabla ya magharibi. Hakuna aliyetangaza msiba. Watu walikuja tu kukaa na mke wangu, na mtu haendi kukaa na mwenzake mikono mitupu, kwa hiyo wakaja na ubani, yaani pesa ya rambirambi, kila mmoja na alichojaaliwa, na mtoto wa shemeji yangu akafungua daftari akaandika.

Sitaeleza kelele zilizopigwa niliposimama pale mlangoni. Mwanamme mmoja alimwaga chai. Mke wangu alitoka chumbani, macho yamevimba, leso begani. Akanitazama juu mpaka chini, miguu yangu iliyokatwa na kombe, mikono. Watu wakasogea wamsikilize.

"Mwenzako yuko wapi?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeibeba ile hadithi ya Mangapwani tangu jana, na nilipofungua mdomo haikuwemo. Nilisema, "Hakukuwa na mwenzangu."

Akarudi ndani. Hajanipigia kelele mpaka leo. Ningelijua bei yake ningelinunua kelele.

Ngalawa ilikwenda hotelini siku ya tatu, kwa mkokoteni. Msimamizi aliuona mrengu uliopasuka akafurahi: "Hivi ndivyo hasa." Akalipa laki nane kamili. Hasara yangu ikawa elfu kumi na tatu na mia tano. Sasa ndani yake wanapanga mananasi.

Ikabaki daftari ya ubani. Jumla ya humo ilikuwa laki mbili na elfu kumi na mbili. Nilizunguka nyumba moja moja kurudisha, jambo ambalo halina utaratibu wake, kwa maana maiti kwa kawaida harudishi. Wengi walipokea wakicheka. Nikarudisha laki moja na arobaini na saba. Bibi wa nyumba ya nyuma, aliyetoa elfu tano, aliutazama mkono wangu asiupokee.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukurudishia."

"Marahaba mwanangu. Weka tu. Itatumika."

Iliyobaki ilikuwa elfu sitini, na hiyo haikuja na mtu. Iliingia kwenye simu ya mke wangu. Nilitazama namba, ilikuwa ya yule mtu wa Tumbatu. Nikatazama saa ya ujumbe. Nikatazama tena. Kikapu kiliokotwa alasiri. Ujumbe uliingia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi ya siku ile ile, mimi nimesimama mzima juu ya fungu.

Nilikaa na kalamu. Saa nne, toa dakika arobaini na nane: saa tatu na dakika kumi na mbili. Ndiyo saa ya maji kukupwa, tarehe ikiwa kumi na nne.

Nikampigia.

"Naam."

"Mimi yule wa ngalawa."

"Alhamdulillahi. Umefika."

"Nimefika. Ulituma ubani wangu na mimi sijafa."

"Wakati ule maji yalikuwa yamekwisha chini yako," alisema kwa upole. "Na mrengu ule mtu mmoja hauwezi."

"Ulijua tarehe yangu mbovu."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Yakhe, uliyatoa maneno kwenye bei mbele ya watu. Nikakupa ulichonunua." Kisha sauti yake ikashuka. "Nilikaa juu ya lile gogo mpaka tanga lako likapotea. Nilikuwa nshanyamaza. Nikaona nisingoje kuambiwa."

"Basi nakurudishia."

"Siipokei. Ubani ukishatoka kwangu haurudi. Ukirudi, unakuja kwa nani? Mimi nina watoto watano." Akakata. Tangu siku hiyo haipokei namba yangu.

Nikamwendea mke wangu, kwa kuwa mwenye ubani hasa ni yeye aliyepewa. Alikuwa anapepeta mchele. "Mimi nilipewa kwa mume aliyekwenda na mwenzake," alisema bila kuinua kichwa. "Mwambie mwenzako aje aichukue."

Pesa imo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, elfu sitini na tano pamoja na tano ya bibi. Kila Ijumaa nalishusha nahesabu mara mbili, na kila mara imetimia, na hilo ndilo linaloninyima raha. Siwezi kuila. Siwezi kuirudisha. Kuitia sadaka nimejaribu, mkono ukasita, kwa sababu sijui natoa kwa niaba ya aliye hai au ya aliyebaki kule kwenye fungu. Na mke wangu akipita chini ya lile kabati huinamisha kichwa, ingawa ni refu kumzidi kwa mbali.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, kama umewahi kuona jambo kama hili au umesikia kwa waliotutangulia: elfu sitini na tano hizi nimpe nani, na yule mwanamke nimwambie nini? Nishauri. Sema bei ya maneno yako, safari hii sipunguzi.